Eeh ya Saa Kumi

Kila siku saa kumi jioni, chai ikishachemka na kutiwa kwenye chupa, Jerotich aligeuza uso nusu kuelekea chumba cha nyuma na kuita, "Baba Chesang! Chai!" Aliita hivyo miaka yote aliyouza chai na chapati pale Mai Mahiu, mahali malori husimama kupoza breki baada ya kushuka mteremko. Na chumba cha nyuma kilimjibu kila mara, kwa sauti ya kuvuta, "Eeeh!" Taabu ni kwamba sasa chumba hicho hakina mtu. Hata paa hakina. Mumewe alifia humo, akazikwa kwao Kuresoi kwenye baridi, na bado saa kumi ikifika Jerotich huita, na huitikiwa.

Asije mtu akadhani ni mwanamke wa kuota mchana. Ni mama wa mifupa mipana na maneno machache, ambaye amewahi kumnyang'anya dereva kikombe mkononi kwa kumtukana turnboy, utingo wake, mbele ya watu. Kanisani hukaa benchi la nyuma ili mhubiri akirefusha mambo apate kutoroka kuangalia maharagwe yake. Mtu kama huyo haoni mizimu ovyo. Ndiyo maana hakumwambia yeyote, hata bintiye Chesang anayefanya kazi kwenye mashamba ya maua kule Karagita, Naivasha. Angemwambia nini? Kwamba babako hajui kama amekufa?

Mumewe, Kipkemoi, alikuwa mpakiaji wa malori alipomjua. Alikula chapati zake mwezi mzima bila kusema neno la maana, kisha siku moja akauliza kwao ni wapi. Wazee walikutana, koito, ile sherehe ya mahari, ikafanywa, posa ikakubaliwa, maziwa ya kibuyu yakanywewa, na tangu siku hiyo wakawa mume na mke. Cheti cha serikali hakuna aliyekikumbuka. Ungekitundika wapi, na nyumba yenyewe ni ya mabati?

Alikuwa mtu mpole kupita kiasi, na upole huo ulimkera Jerotich mara nyingi. Kipkemoi hakujua kumkata mtu kauli. Ukimpigia simu alisikiliza mpaka mwisho, hata kama ni wale wa kudanganya watu kwamba wameshinda gari. Akikubaliana nawe alisema "sawa." Akitoa ahadi alisema "sawa, nimesema." Lakini akiitwa, awe shambani, awe chini ya lori, aliinua kichwa na kuitikia "Eeeh!" kwa ile sauti iliyopanda mwishoni. Jerotich aliijua sauti hiyo kama mtu ajuavyo mlango wa nyumba yake unavyolia.

Nyaya za stima zilipita juu ya kibanda chao zikielekea kwingine. Ndiyo maana Weldon, ajenti wa kampuni ya taa za sola, alipopita na fulana yake ya njano, hakuhitaji kubembeleza sana. Paneli moja, betri moja, balbu tatu, na malipo kidogo kidogo kwa simu. Jerotich ndiye aliyezitaka taa, maana madereva huja kabla ya jua. Lakini laini ya simu ilikuwa ya Kipkemoi, kwa hivyo jina likaandikwa la Kipkemoi. Weldon alisema kuna dada wa kampuni atapiga simu baadaye "kuwasomea masharti kidogo tu," kisha taa zitawaka. Dada alipiga. Taa zikawaka. Walifurahi wote wawili, na hakuna aliyekumbuka simu hiyo tena.

Baadaye betri ilianza kuvimba kama andazi. Kipkemoi alipiga simu kwa kampuni, akaambiwa fundi yuko njiani. Alipiga tena, fundi alikuwa bado njiani. Siku moja adhuhuri Jerotich alienda kuchota maji, Kipkemoi akalala kidogo chumba cha nyuma akipumzisha mgongo. Aliporudi na mtungi, moshi ulikuwa mweusi na Shiko, jirani anayechoma mahindi, alikuwa anapiga mayowe. Mengine ya siku hiyo sitayasimulia, kwa sababu Jerotich mwenyewe hayasimulii.

Kilichofuata ndicho kilichomuua mara ya pili. Kampuni ilituma mtu mwenye viatu safi, akapiga picha majivu, kisha wakasema Kipkemoi aliifungua betri ili aunganishe redio. Hawakusema kortini. Walisema tu, na maneno yakatembea. Shiko akayapokea na kuyagawa pamoja na mahindi yake: "Si alichokora betri? Huyo mzee alipenda kuchokora vitu." Hata kwenye mazishi mhubiri alionya waumini juu ya tamaa ya kuunganisha waya. Jerotich alisimama kando ya kaburi akisikia mumewe akifanywa mjinga mbele ya jeneza lake. Aliona uchungu na aibu, na aliona aibu kwa kuona aibu.

Hapo ndipo alipokata shauri. Hakutaka kuonewa huruma, na kubembelezwa hakutaka pia. Alitaka mtu mwenye mamlaka aseme mbele ya watu, mlango ukiwa wazi, kama Kipkemoi aliifungua ile betri au hakuifungua.

Kule Naivasha kulikuwa na ofisi ndogo ya mawakili wanaosaidia watu bure, na humo akampata Wawira, wakili kijana mwenye miwani na kikohozi kisichoisha. Wawira alimsikiliza vizuri. Kesi ikaandikwa. Majibu ya kampuni yalipokuja, alimwita Jerotich akamwekea kiti karibu.

"Mama Chesang, hawa watu hawajajibu habari ya betri hata kidogo," alisema. "Wanasema vitu viwili. Cha kwanza, wewe huna haki ya kushtaki. Mteja wao ni Kipkemoi, na Kipkemoi hayuko. Wewe hawakujui."

"Hawanijui? Si ni mimi nilikuwa nawapikia chai hao maajenti wao?"

"Najua. Cha pili, wanasema hata ukiwa na hiyo haki, kuna kifungu kwa mkataba. Maneno yakitokea, hayaendi kortini. Yanaenda kwa msuluhishi, Nairobi, na huyo msuluhishi anachaguliwa na kampuni."

Jerotich alifikiria. "Huko kwa msuluhishi, watu wanaruhusiwa kuingia wasikize?"

"Hapana. Ni mlango umefungwa. Na yatakayosemwa humo hutaruhusiwa kuyasema nje."

"Kwa hivyo hata wakisema hakuichokora, Shiko hatajua."

"Eeh," alisema Wawira, na Jerotich akashtuka kwenye kiti mpaka wakili akamuuliza kama yuko sawa.

Kwanza ilibidi apate karatasi ya kumruhusu asimame badala ya marehemu. Serikali iliiita barua ya kusimamia mali, ingawa mali yenyewe ilikuwa koti moja lililonusurika kwa kuwa lilikuwa limeanikwa nje. Cheti cha ndoa hakikuwapo, kwa hivyo chifu aliandika, na ndugu wa marehemu walitakiwa kuthibitisha kwamba huyu ni mke kweli. Jerotich alipanda mpaka Kuresoi. Kibii, kaka mkubwa wa Kipkemoi, alimpokea kwa maziwa na uso mzito.

"Shemeji, huyu mtu amelala," alisema. "Kwa nini unataka kumwamsha?"

Jerotich alitaka kumwambia kwamba hajalala. Alitaka kusema, kila saa kumi ananiitikia, Kibii, na mimi ndiye nisiyelala. Badala yake alikunywa maziwa, akasema, "Wanasema alijiua mwenyewe kwa ujinga. Wewe ulikaa naye utoto wote. Ni kweli?" Kibii akavuta karatasi, akatia sahihi.

Siku chache kabla ya kusikizwa kwa lile pingamizi la kampuni, Wawira alimpigia simu. Alikohoa, kisha akakohoa tena.

"Mama, kampuni inasema ina rekodi. Ile simu ya kusomewa masharti. Wanasema Kipkemoi anasikika akikubali kile kifungu. Wataicheza kortini, halafu watakuuliza kama hiyo ni sauti yake."

Jerotich alikaa chini juu ya gunia la makaa. Simu ya Kipkemoi iliungua pamoja naye. Picha walikuwa nazo tatu, lakini sauti hawakuwa nayo mahali popote, ila ile ya saa kumi.

"Ni lazima nijibu?"

"Utakuwa umekula kiapo. Ukisema huijui, wao ndio watatafuta njia ya kuonyesha ni yeye, na itakuwa kazi ngumu. Ukisema ni yeye, ni vigumu kwetu." Wawira alivuta pumzi. "Siwezi kukuambia useme nini, na sitaki udanganye. Nimekuambia tu swali, ndio lisikupate ghafla."

Usiku huo na uliofuata Jerotich alipika mawazo badala ya ugali. Neno moja tu, "simjui," na kesi ingekuwa na mlango wazi. Lakini amkane? Amkane mtu ambaye kila jioni anamwita na kuitikiwa? Na akimkana kule Naivasha, ataitikiwa na nani tena akirudi? Aliogopa kwamba akisema hivyo chumba cha nyuma kitanyamaza. Aliogopa pia kwamba hakitanyamaza.

Korti ya Naivasha ilijaa watu wanaongoja mambo yao, akina mama wenye kesi za mipaka ya mashamba na vijana wa bodaboda waliokamatwa bila helmeti. Chesang alikuja na koti la kazini. Shiko naye alikuja, eti kumsindikiza, ila sote tunajua umbea haukosi nauli. Alikaa mbele kabisa.

Wakili wa kampuni aliitwa Muturi, mwanamume nadhifu na mstaarabu, na ustaarabu wake ndio uliotisha. Alisema anampa pole sana mama huyu. Alisema lakini sheria ni sheria, mama huyu si mteja, hajawahi kuwa mteja, na mteja mwenyewe alikubali kwa kinywa chake kwamba ugomvi wowote utaamuliwa na msuluhishi. Jerotich akaitwa kizimbani, akala kiapo, kisha Muturi akaomba ruhusa ya kucheza sauti.

Karani alisogeza spika ndogo. Kulikuwa na mkwaruzo, halafu sauti ya msichana mchangamfu anayesoma haraka: "...na mgogoro wowote utaamuliwa na msuluhishi atakayeteuliwa na kampuni, na uamuzi wake ni wa mwisho. Unakubali?" Kelele kidogo, kama upepo kwenye simu. Kisha Kipkemoi akasema:

"Eeeh!"

Spika ikazimwa. Jerotich alikuwa ameshika ubao wa kizimba kwa mikono miwili. Ndiyo ile. Ndiyo ile ile ya saa kumi, hata ile kupanda kwake mwishoni. Hapo mbele ya watu wote alitamani kugeuza uso nusu, atazame nyuma.

"Mama," Muturi alisema kwa upole, "hiyo ni sauti ya nani?"

Wawira aliangalia meza. Shiko aliacha kutafuna. Jerotich aliona lile neno dogo likimngoja mdomoni, "simjui," na akaona mlango ulio wazi nyuma yake. Akapiga moyo konde.

"Ni Kipkemoi," alisema. "Ni bwanangu."

"Na amesema nini?"

"Amesema eeh."

"Asante, mama. Mheshimiwa, nafikiri tumemaliza."

Muturi alianza kukusanya karatasi zake. Chesang aliinamisha kichwa. Lakini Jerotich hakuondoka kizimbani. Kuna kitu kilikuwa kinamchoma, na hakikuwa huzuni.

"Samahani, mheshimiwa," alimwambia hakimu. "Hiyo si eeh ya kukubali."

"Ni eeh ya nini, mama?"

"Ni ya kuitwa. Akikubali anasema sawa. Hiyo anasema akiitwa. Kuna mtu amemwita."

Watu wachache walicheka, na Muturi akatabasamu kwa huruma. Akasema kwa heshima zote, mheshimiwa, marehemu aliulizwa swali, akaitikia, na kuitikia ni kukubali, hata kwenye kamusi. Lakini Wawira alikuwa tayari amesimama, kikohozi na yote.

"Mheshimiwa, wametuchezea kipande. Kuna kabla na kuna baada. Tunaomba tusikie simu yote."

Muturi alipinga. Alisema iliyobaki haihusiani na pingamizi. Hakimu, mama mtu mzima aliyekuwa akiandika kwa mkono muda wote, alivua miwani. Alisema kama iliyobaki haina neno, basi haitamdhuru mtu. Ichezwe.

Simu ikaanza mwanzo. Msichana akajitambulisha, Kipkemoi akamsalimu na kumuuliza habari za watu wa kwao. Wengine walicheka tena, ila safari hii kwa wema. Masharti yakasomwa mbiombio, na kati yake Kipkemoi alisema "sawa," akasema "sawa" tena, kila moja mahali pake. Kikafika kile kifungu. "...na uamuzi wake ni wa mwisho. Unakubali?"

Na hapo, katika ile kelele ambayo mwanzo ilikuwa kama upepo, hakimu akainua mkono, karani akaongeza sauti mpaka mwisho. Kwa mbali, nyuma ya simu, nyuma ya mabati, mwanamke aliita:

"Baba Chesang! Chai!"

"Eeeh!"

"Asante kwa kukubali," akasema msichana.

"Pole, dada," akasema Kipkemoi. "Umesema nini? Nilikuwa naitwa."

"Tumeshamaliza, mzee. Karibu kwa familia yetu."

Simu ikakatika. Chesang alikuwa analia, mkono mdomoni. Na Jerotich, ambaye angepaswa kufurahi, alihisi baridi ya Kuresoi ikimpanda kutoka miguuni. Alikuwa ameisikia sauti ya mumewe, lakini iliyomtisha ilikuwa yake mwenyewe. Yeye ndiye aliyemwita, wakati ule ule wengine wanamuuliza, na mtu yule mpole akainua kichwa kumjibu mkewe. Jibu lililokuwa la Jerotich wakalichukua wao. Waliliweka kwenye mashine miaka yote hiyo, wakaja nalo kortini kumfungia nalo mlango.

"Ile eeh ilikuwa yangu," alisema, si kwa hakimu wala kwa mtu yeyote. Karani aliiandika hata hivyo.

Uamuzi ulisomwa baada ya wiki kadhaa. Hakimu alisema mtu anayeuliza "umesema nini" hajakubali kitu. Alisema hata angekubali, sheria ya kumlinda mteja haikuwekwa ili muuzaji amfungie mtu mlango wa korti kabla ugomvi haujazaliwa. Kisha akamgeukia Muturi kuhusu ile haki ya kushtaki, na hapo sauti yake ikawa kavu. Mnasema mama huyu si mteja, hawezi kutumia mkataba. Dakika hiyo hiyo mnataka mkataba umfunge. Mtamkana na kumfunga kamba kwa siku moja? Barua ya kumwakilisha marehemu anayo, na kama mnauliza alikuwa nani kwa marehemu, rekodi yenu wenyewe inayo sauti yake akimwita Baba Chesang. Kesi itasikizwa hapa, na mlango uko wazi.

Shiko alimkumbatia nje ya korti. "Mama Chesang, kwani huyo mzee alikuwa mtu wa adabu hivyo? Anauliza mpaka umesema nini." Halafu, kwa sauti ya chini, "Mtu kama huyo hawezi kuchokora betri bila kuuliza." Kesi ya betri ilikuwa bado mbele, na huenda ikachukua muda mrefu, lakini Shiko alikuwa ameshaanza kugawa habari nyingine pamoja na mahindi, na hilo nalo ni jambo.

Walirudi Mai Mahiu. Malori yalikuwa yamepanga foleni, harufu ya breki imejaa hewani. Jerotich aliwasha jiko, akachemsha chai, akaitia kwenye chupa. Saa kumi ikafika. Aligeuza uso nusu kuelekea chumba cha nyuma, akafungua mdomo kama kawaida yake.

Hakuita. Alijua sasa kwamba yule mtu akiitwa huacha chochote anachofanya, hata kama ni maisha yake yanayosomwa kwenye simu, ili amjibu. Hakutaka tena kumtoa alipo kwa ajili ya kikombe cha chai. Alimimina vikombe viwili, akavuka kizingiti kilichoungua, akaingia mahali ambapo hakuwa ameingia tangu siku ile ya moshi. Mbingu ilikuwa wazi juu, na majani yalikuwa yameanza kuota kwenye kona.

"Nimekuletea," alisema taratibu.

Na kwa kuwa hakuitwa, hakuitika. Jerotich alikaa naye hapo, kwenye jiwe, mpaka vikombe vyote viwili vikapoa. Siku hizi hamwiti tena. Humpelekea.